Mengineyo ya Siku ya Tano

Kufungua kikao

Mimi naitwa Mwajabu, na kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za vikao katika Wizara ya Afya ya nchi yetu. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Katika miaka yote hiyo nilijisifu kwamba sijawahi kuandika jambo ambalo halikusemwa. Yaliyosemwa ambayo sikuyaandika ni mengi, lakini hayo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nchi yenyewe sitaitaja. Ina bendera, ina wimbo wa taifa, ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na kila msimu unakuja na kipindupindu chake. Neno kipindupindu wizara ililipiga marufuku zamani kwa sababu linawatia wananchi hofu. Sisi tunasema "changamoto ya tumbo". Tangu tubadilishe jina, kwa mujibu wa takwimu zetu, hakuna mtu hata mmoja aliyekufa kwa kipindupindu.

Wizara ina wakurugenzi watatu. Dakta Rugambage ni wa Kinga, Dakta Nzowa ni wa Tiba, na Bi. Sauda ni wa Bohari ya Dawa. Ofisi zao ziko kwenye korido moja na milango inatazamana, lakini walikuwa wakiandikiana kwa posta. Barua ilitoka mlango wa kushoto, ikapanda gari mpaka posta kuu, ikalala huko siku mbili, kisha ikarudi kwenye mlango wa kulia ikiwa na muhuri. Mgonjwa akitokea, Dakta Rugambage alisema mtu aliyekwisha kuugua si wake tena. Dakta Nzowa alisema mtu ambaye hajapimwa bado hajawa wake. Bi. Sauda alisema dawa ambayo haijajaziwa fomu haijahitajika. Mwaka juzi, katika wilaya ya Bondekuu, watu wengi walikufa kabla haijajulikana ni wa idara ipi.

Ndipo Waziri akakasirika. Aliamuru zijengwe bohari ndogo za dharura huko kwenye changamoto ya tumbo, zijazwe dripu, chumvi za kuchanganya na maji na dawa ya kutibu visima. Kila bohari ifungwe kwa kufuli tatu. Ufunguo mmoja akae nao mkurugenzi wa Kinga, wa pili wa Tiba, wa tatu wa Bohari. Kwa njia hiyo, alisema, hakuna hata mmoja wao atakayeweza kuokoa watu bila wenzake. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi.

Ilibaki kasoro moja tu, kwamba wakurugenzi hawakujua kushirikiana. Kwa hiyo wakapelekwa mafunzoni.

Waliohudhuria

Mafunzo yalifanyika siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, katika hoteli moja ya milimani yenye baridi nzuri na chai ya tangawizi isiyokwisha. Walihudhuria wakurugenzi watatu, wasaidizi wao, na wasaidizi wa wasaidizi. Mwezeshaji, na mwenyekiti wa kikao, alikuwa Profesa Ruhundwa, ambaye amefundisha ushirikiano katika nchi nyingi na hajawahi kukubali kufundisha pamoja na mtu mwingine.

Waziri alifungua kwa hotuba. "Ndugu zangu," alisema, "ushirikiano ni jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulifanya peke yake, isipokuwa kwa maelekezo yangu. Nataka mkitoka hapa muwe kitu kimoja. Na hicho kitu kimoja nikikitafuta, nikikute ofisini." Kisha akaondoka kwenda kufungua mafunzo mengine ya namna hiyo hiyo kwa wizara ya maji, ambayo haikualikwa kwetu.

Wakurugenzi waliagizwa waje na funguo zao za bohari, kwa sababu zingetumika katika zoezi la siku ya nne. Walizivaa shingoni kwa kamba za rangi tatu tofauti. Simu zao zikakusanywa kwenye kapu lililofunikwa kwa kitenge, ili umakini usipotee. Simu moja tu iliachwa wazi, simu ya dharura, na hiyo nilikabidhiwa mimi. Profesa aliniambia mbele ya watu wote kwamba ameona kumbukumbu zangu za vikao vilivyopita na hajapata kuona kazi safi kama ile. Nilifurahi mno kwa sifa hiyo, na nalisema hili mapema kwa sababu mbele huko litahitajika.

Simu ya dharura ililia siku hiyo hiyo ya Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi. Nilitoka nje ya ukumbi kuipokea.

"Dada, mimi ni Nesi Sikudhani wa zahanati ya Kisimatano, wilaya ya Bondekuu," ilisema sauti ya mwanamke. "Nina wagonjwa kumi na wanne, wanaharisha na kutapika tangu juzi. Wawili wamefariki alfajiri. Dripu zimebaki nne. Bohari ya dharura naiona hapa dirishani, hata hatua ishirini hazifiki. Naomba funguo."

"Funguo ziko huku, kwa wakurugenzi."

"Basi wanipe ruhusa nivunje kufuli. Mlinzi hapa ni Mzee Lugano, ni mtu mwelewa, ila pameandikwa mlangoni kwamba anayevunja atafungwa. Nataka neno tu kutoka juu."

"Wakurugenzi wako kikaoni, nesi."

"Wote watatu?"

"Wote watatu."

"Mahali pamoja?"

"Ndiyo, meza moja."

"Alhamdulillahi," alisema, na nikamsikia akishusha pumzi. "Basi hilo ni jambo la dakika mbili."

Nilimfuata Profesa na kumnong'oneza. Alinisikiliza kwa makini, macho yake yakang'aa. "Hili ni zuri sana, Katibu. Ni mfano hai. Liko kwenye ajenda?"

"Haliko, Profesa."

"Basi unajua linakokwenda."

Nilijua. Jambo lisilo kwenye ajenda linakwenda kwenye Mengineyo, na Mengineyo ni kipengele cha mwisho kabla ya kufunga kikao. Kikao chetu kilikuwa cha siku tano.

Dakta Nzowa alikuwa amekaa hatua tano kutoka niliposimama. Alikuwa anapaka rangi nembo ya kikundi chake kwa kalamu za watoto, ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo. Ningeinama tu nikamwambia sikioni. Sikuinama. Niliogopa kuonekana mbele ya Profesa kwamba sijui utaratibu, baada ya kusifiwa vile. Huo ndio ukweli wote, na ni mdogo kiasi kwamba naona aibu kuuandika.

Nilirudi nje kumpigia Nesi Sikudhani. "Suala lako limepokelewa," nilimwambia. "Limewekwa kwenye Mengineyo."

"Mengineyo ni saa ngapi, dada?"

"Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana."

"Dada, leo ni Jumatatu."

"Najua," nilisema.

Ajenda kuu

Siku ya pili mada ilikuwa Kuaminiana. Profesa alieleza zoezi: mkurugenzi mmoja anasimama, anafumba macho, anajiachia kuanguka nyuma, na wenzake wawili wanamdaka. Bi. Sauda alijitolea kuanza. Kabla hajaanguka, Dakta Rugambage aliomba mwongozo. Alisema idara yake inahusika na kuzuia kuanguka, kwa hiyo mtu akishaanza kuanguka yeye hana mamlaka naye. Dakta Nzowa alijibu kwamba Tiba haiwezi kumgusa mtu ambaye bado hajaumia. Wakakubaliana kwamba hoja zote mbili zina uzito. Bi. Sauda alikuwa amekwisha kujiachia.

Alianguka kama gunia la viazi. Plasta ilikuwepo kwenye mkoba wake mwenyewe, lakini alikataa kuitumia mpaka amejaza fomu. Profesa alisema zoezi limefanikiwa kwa sababu limeibua mjadala, na mimi nikaandika hivyo.

Simu ililia wakati wa chai. Wagonjwa walikuwa wamefika thelathini na mmoja, na waliokufa ni watano. Dripu zimekwisha. Nesi Sikudhani alikuwa anawanywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, wale wanaoweza kumeza.

"Dada katibu, mke wa Mzee Lugano ameletwa asubuhi hii kwa toroli," alisema. "Mzee yuko mlangoni pa bohari, anailinda kama alivyoagizwa. Mkewe yuko kwangu sakafuni, mshipa siuoni. Kila nikitoka nje mzee ananitazama usoni. Nimwambie nini?"

Nilifikiri. Naapa kwamba nilifikiri. Kisha nikasema, "Mwambie suala liko hatua nzuri."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Tunaliandika sana kwenye barua zetu, na huwa halina madhara. Nesi alilirudia polepole, "Liko hatua nzuri," ili asikosee wakati wa kumfikishia, akanishukuru. Safari hiyo hata kwa Profesa sikwenda. Nilirudi ndani nikanywa chai yangu, na ilikuwa bado ya moto.

Siku ya tatu ilikuwa ya michezo. Wakurugenzi walifungwa miguu kwa vitambaa, watatu kwa pamoja, wavuke uwanja wa majani wa hoteli bila kuanguka. Mimi nilipewa kazi ya kushika utepe mwishoni. Walikuwa wanakuja, Dakta Rugambage anahesabu moja, Dakta Nzowa anahesabu tatu, Bi. Sauda na bandeji yake anaburutwa katikati, na watu wote wanacheka, na mimi nacheka. Simu ya dharura ikalia mfukoni mwangu.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika utepe. Nilikuwa na uwezo wa kuuachia. Ulikuwa ni utepe tu, wa karatasi. Simu ililia mpaka ikakatika, ikalia tena mpaka ikakatika, na sikuupokea mlio hata mmoja. Wakurugenzi walifika, wakaukata utepe kwa vifua vyao, picha ikapigwa. Mimi nimo kwenye picha hiyo, naonekana meno yote.

Baadaye sikumpigia. Nilijiambia kwamba kama ni jambo la maana atapiga mwenyewe. Hakupiga tena, nami nikalala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Siku ya nne likaja zoezi la funguo. Seremala wa hoteli alikuwa ametengeneza sanduku la mbao mfano wa bohari ya dharura, limepakwa rangi ile ile ya kijani, lina kufuli tatu zinazofanana na zile za Bondekuu, na ndani yake wakawekewa keki. Wakurugenzi walitakiwa kulifungua kwa pamoja. Ilichukua asubuhi nzima. Kwanza walibishana nani aanze, wakakubaliana waanze wote kwa mpigo, wakagongana vichwa. Kisha ikagundulika kwamba Dakta Nzowa alikuwa anajaribu ufunguo wa chumba chake cha hoteli. Lakini mwisho kufuli ya tatu ililia, mlango ukafunguka, keki ikaonekana, na wakurugenzi wa Wizara ya Afya ya nchi yetu wakakumbatiana. Bi. Sauda alitoa machozi. Profesa alisema katika maisha yake hajaona bohari ikifunguliwa kwa umoja kama huo.

Niliikata keki mimi. Ilikuwa na zabibu.

Mengineyo

Ijumaa, saa sita na dakika arobaini, Profesa alivua miwani. "Kama hakuna Mengineyo," alisema, "tufunge kikao, maana jikoni wameshatuita."

Nilisimama. "Liko moja, Mwenyekiti." Nikasoma lote nililoliandika: Kisimatano, wagonjwa, dripu, kufuli, mlinzi na mkewe. Ukumbi ulinyamaza. Nitawatendea haki wakurugenzi niseme kwamba walishtuka kweli. Dakta Nzowa alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Hili lilipokelewa lini?" aliuliza Bi. Sauda.

"Jumatatu," nilisema.

Hapo kimya kikabadilika. Kilikuwa kimya cha huzuni, kikawa kimya cha hesabu. Walinitazama, kisha wakatazamana, na nikaona jambo ambalo siku tano za mafunzo hazikuwa zimelileta: watu watatu wakiwaza wazo moja kwa wakati mmoja.

"Tuwe makini na lugha," alisema Dakta Rugambage taratibu. "Kikao hupokea jambo pale linaposomwa. Kabla ya kusomwa, hizo zilikuwa ni habari tu za kwenye simu."

"Naunga mkono," alisema Dakta Nzowa.

"Hata mimi," alisema Bi. Sauda.

Profesa aligeuka kwangu, uso wake umejaa upole. "Katibu, andika kwamba suala limepokelewa leo saa sita na dakika arobaini. Na kwa kuwa sasa ni saa sita na dakika hamsini na moja na ruhusa ya kuvunja kufuli inatolewa, andika kwamba lilishughulikiwa kwa dakika kumi na moja. Nadhani hiyo ni rekodi."

Nikaandika. Kalamu haikukwama, wino haukukatika. Makofi yalipigwa. Kisha nikaagizwa nimpigie nesi nimpe habari njema, na nikaweka simu kwenye spika ili kila mtu afaidi.

"Nesi Sikudhani," nilisema, "ruhusa imetoka."

"Asante, dada," alijibu. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ila tulishafungua. Jumatano alasiri, nilipokupigia mara ya mwisho ukawa hupokei."

"Nani alifungua?" Dakta Rugambage aliuliza kutoka alipokaa.

"Mimi. Kwa nondo. Mke wa Mzee Lugano alikufa saa tisa, alikuwa wa tisa. Mzee akaja akaniletea nondo mwenyewe, akageukia ukutani ili asione. Tangu nitundike zile dripu hajafa mwingine. Wamebaki kumi na saba, wanakunywa uji."

Mtu yeyote wa kawaida angesema pole, au asante, na mimi nilifungua mdomo kusema mojawapo. Bi. Sauda aliinua kidole kunizuia. "Ulivunja Jumatano," alisema kwenye simu, kwa sauti ya upole kabisa, "na ruhusa imetoka Ijumaa."

Siku hiyo hiyo, kabla ya saa kumi, barua ya mashtaka ya kinidhamu dhidi ya Nesi Sikudhani ilikuwa imeandikwa na kusainiwa. Kosa lake lilikuwa kutenda peke yake kinyume cha sera ya ushirikiano. Ni barua ya kwanza katika historia ya wizara kubeba saini za wakurugenzi wote watatu siku moja, na haikupita posta.

Yatokanayo

Kamati ya nidhamu ilikaa baada ya wiki sita. Niliitwa kama shahidi, mimi na kumbukumbu zangu. Nesi Sikudhani alikaa kwenye kiti cha peke yake katikati ya chumba. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nilimdhania mtu mzima, kumbe ni binti tu, mwembamba, amevaa sare yake ya kazi iliyopigwa pasi, kucha zimeliwa na dawa ya kutibu maji.

Nilisoma: Ijumaa, saa sita na dakika arobaini, suala limepokelewa. Wanakamati waliitikia kwa vichwa, wameridhika. Mwenyekiti akamwuliza mtuhumiwa kama ana swali kwa shahidi.

"Ninalo moja," alisema. Alinigeukia bila chuki yoyote, na ingekuwa afadhali angenitukana. "Dada Mwajabu, Jumatatu nilikupigia simu au sikukupigia?"

Daftari langu la mwanzo, lile la kuandikia haraka kabla ya kunakili, lilikuwa kwenye mkoba mapajani mwangu. Jumatatu ilikuwa humo, na saa tatu na robo, kwa mkono wangu mwenyewe. Mkoba ulikuwa na zipu moja.

"Shahidi," alisema Mwenyekiti, "kumbukumbu zinasemaje kuhusu Jumatatu?"

"Kuhusu Jumatatu," nilisema, "kumbukumbu hazisemi kitu."

Jibu hilo lilikuwa kweli tupu. Nimelipima kila upande na silioni kosa, na bado kila nikilikumbuka natamani ningekuwa sikuzaliwa na ulimi.

Alifukuzwa kazi. Mimi, mwezi uliofuata, niliteuliwa Mratibu wa Ushirikiano, nikapewa chumba chenye dirisha. Picha ya utepe ilitundikwa ukutani nyuma ya kiti changu, na taarifa ya dakika kumi na moja ikaanza kufundishwa kwa viongozi wa mikoa yote. Kufuli za Kisimatano zilibadilishwa zikawekwa nene zaidi. Zahanati haikupata nesi mwingine, kwa sababu nesi anakinga, anatibu na anatoa dawa, hivyo ajira yake inahitaji kibali cha idara tatu. Barua ya maombi iko posta.

Kufunga kikao

Mvua zilirudi. Jumatatu moja asubuhi simu ya mezani kwangu ililia.

"Mwanangu, ni Lugano. Mlinzi wa Kisimatano."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mambo yamerudi. Tuna wagonjwa sita hapa—"

"Vunja kufuli, mzee," nilimkatiza. Nilikuwa nimesimama, na sikumbuki nilisimama saa ngapi. "Zote tatu. Usingoje mtu. Nimesema mimi, Mwajabu, na andika jina langu mlangoni."

Niliyasema hayo nikajiona mwepesi. Neno lile lilikuwa limenikaa kooni tangu mvua zilizopita, na sasa limetoka, na kwa muda wa pumzi mbili nilijiona mtu mwema.

"Kufuli nimevunja tangu jana, mwanangu," alisema mzee. "Safari hii sikuomba. Dripu zipo, maboksi yamejaa mpaka darini. Hakuna anayejua kuzitundika. Ndicho nilichopigia. Yule nesi mmempeleka wapi?"

Nilimwambia asubiri kidogo. Nilijisikia nikilitamka neno hilo, asubiri.

Namba ya Nesi Sikudhani nilikuwa nayo. Sikuwahi kuifuta, na sikuwahi kuipiga. Niliipiga kwa simu ya mkononi.

"Sema, dada Mwajabu."

"Kisimatano," nilisema. "Wagonjwa sita. Bohari iko wazi."

"Tangu lini?"

"Jana."

"Nani katoa ruhusa ya mimi kugusa wagonjwa?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Nilimsikia akimwambia mtu ampe viatu vyake. Kisha akaniagiza nimwambie Mzee Lugano wachemshe maji, mtu asinywe ya kisimani, na wanaoweza kumeza wapewe chumvi na sukari kwa kijiko bila kuacha mpaka afike, na kwamba atafika kabla ya adhuhuri. Niliandika yote, nikamsomea, akasema ni sawa sawa, nikayafikisha kwa Mzee Lugano kwenye simu ya mezani.

"Sikudhani, mdogo wangu," nilisema. "Kuhusu ile Jumatatu. Na ile Jumatano. Na kule kwenye kamati, nataka nikwambie—"

"Hilo liweke kwenye Mengineyo, dada," alisema, akakata.

Nimeliweka. Na naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba simu yangu aliipokea mlio wa kwanza.